Mfuniko wa Rejeta

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimeamka saa kumi na moja. Nimekamua ng'ombe, nimempelekea mama mkwe uji. Kisha gari, kama Fundi Melkiori alivyonifundisha: oili kwanza, halafu maji, magurudumu mwisho. Maji yalikuwa yamepungua kidogo. Nikaongeza.

Hapo ndipo ndama alipokata kamba akaingia kwenye maharage. Mama mkwe akaniita kutoka kihambani, kule kwenye migomba. Nikakimbia. Niliporudi nina matope hadi magotini na muda umekwenda. Nikafunga boneti, nikaondoka.

Kabla ya kufika Rau mshale wa joto ulianza kupanda. Niliuona. Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo naandika: niliuona. Nilipaswa kusimama palepale. Lakini pale pana kijiwe cha madereva wa malori, wale ambao kila asubuhi hunitazama kama wanangoja nikosee. Nikajiambia niwapite kwanza. Nilipowapita nikajiambia nifike darajani. Injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Mvuke. Gari likazima.

Akina mama waliokuwa wanapeleka ndizi Kiboriloni wakatua mizigo yao, wakanisaidia kusukuma hadi pembeni. Mwanamume mmoja akasimama na baiskeli yake. "Dereva yuko wapi?" Nikamwambia amekwenda kutafuta fundi.

Lori la kazini likaja kunivuta hadi kwenye mashine ya unga, Njoro. Bwana Harish, mwenye mashine, akafungua boneti mwenyewe. Rejeta haina mfuniko. Akasema, "Gari hili lilitoka kwa Melkiori Jumamosi." Kisha akanigeukia. "Mama Proti, asubuhi uligusa rejeta?"

Nikasema hapana. Nikasema niliwasha tu nikaondoka.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. "Mimi nilifunga," alisema. Mara moja tu.

Nimerudi nyumbani. Mfuniko uko juu ya pipa la maji, pale pale nilipouweka. Nimeutia kwenye mkoba.

Jumanne, 7 Machi

Wamemfukuza.

Tumeitwa wote uani, wapakiaji, madereva, wanawake wa kupepeta. Bwana Harish akasema injini imenoki kwa uzembe wa mtu mmoja, na kwamba uzee si kisingizio. Melkiori alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Alimaliza miaka mingi kwenye karakana ya serikali bila doa, hadi walipopunguzwa. Biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi na mashine hii ikafunguliwa, alikuwa mtu wa tatu kuajiriwa. Mimi nilikuwa wa tano.

Ni yeye aliyenifundisha kuendesha. Jumapili baada ya Jumapili, kwenye uwanja wa mpira. Nilipogonga goli hakupaza sauti. Alishuka, akalinyoosha kwa mikono, akapanda tena. "Rudi nyuma. Taratibu." Bwana Harish alipotafuta mtu wa kusambaza unga huku juu, Melkiori ndiye aliyesema nipewe gari, wanaume wakacheka.

Leo amepita karibu yangu akielekea getini. Mimi nikainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumatano, 8 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimeshuka na lori la ndizi. Nimefanya kazi. Wameniweka kwenye mizani ya mahindi hadi gari lipone.

Ijumaa, 10 Machi

Nimemwona Kiboriloni. Nilikwenda kutafuta vitunguu, nikamkuta kwenye kibanda cha mbao kando ya barabara, ameinamia baiskeli iliyopinduliwa. Anaziba pancha. Mtu aliyekuwa akishusha injini ya lori na kuirudisha akiwa amefumba macho, anaziba pancha za baiskeli.

Nilitaka kugeuka, nikachelewa. Aliniona.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hawajambo huko juu?"

"Hawajambo."

"Na gari?"

Mfuniko ulikuwa kwenye mkoba, mkoba begani. Nikasema bado wanaliangalia. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye baiskeli yake. Nilisimama pale muda wa kutosha kusema maneno manne. Nikaenda kununua vitunguu.

Najichukia. Sina neno jingine.

Jumapili, 12 Machi

Misa ya kwanza. Kwaresima, foleni ya kitubio ndefu hadi nje. Nilikuwa nimeamua kuusema ule uongo. Nikapiga magoti, nikaungama hasira, nikaungama kukosa sala za jioni, nikaungama kumsema wifi yangu. Padri akanipa malipizi. Nikatoka. Nimewahi kuungama vibaya nikiwa mtoto, lakini wakati ule sikujua ninachofanya.

Wakati wa kumenya ndizi za mtori, mama mkwe akasema, bila kuniangalia, "Ile siku ya ndama niliona kitu cha chuma juu ya pipa. Baadaye sikukiona."

Nikasema kilikuwa cha akiba.

Akaendelea kumenya. Ameishi na mimi miaka kumi na mmoja, mwanawe yuko Tanga kikazi, tumekuwa sisi wawili na watoto. Anajua ninavyodanganya. Hakuuliza tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kuulizwa.

Jumatatu, 13 Machi

Fundi mpya ameanza. Anafanya haraka na anaongea sana. Mbele ya Bwana Harish akasema, "Bahati huyu mama alizima mapema. Angeendelea, hata bloku ingepasuka." Bwana Harish akanitazama kwa upole. Akasema gari likipona nitarudishiwa mimi, kwa sababu naona mbali.

Naona mbali. Nimekwenda chooni nimekaa huko hadi walipopiga kengele ya chai. Sikulia. Nilikuwa naona aibu hata kujililia mwenyewe.

Jumanne, 14 Machi

Nimesema.

Niliingia ofisini asubuhi kabla ya kufungua mizani. Nikauweka mfuniko juu ya meza yake. Bwana Harish akautazama, akafikiri nimeuokota mahali. Ikabidi niseme yote, polepole, kama mtoto anayesomeshwa. Pipa. Ndama. Matope. Kwamba Melkiori alifunga na mimi nikafungua.

Akaugeuza mfuniko mkononi. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na mshale? Uliuona unapanda?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mtu duniani angejua. Nikasema niliuona.

"Kwa nini hukusimama?"

"Niliogopa kuchekwa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akanyoosha mkono nikampa funguo. Akasema nitabaki kwenye mizani. Kisha akasema, "Mimi nilimwita mzee mbele ya watu." Alisema kama anayezungumza na dirisha. Akaniagiza nikamwite Melkiori kesho, arudi kazini.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Sijisikii chochote isipokuwa njaa.

Jumatano, 15 Machi

Nilimkuta kwake, Rau, anapanga kuni chini ya upenu. Mkewe alinikaribisha chai. Sikuweza kuinywa. Nikamwambia akiwa bado amesimama na kuni mikononi.

Hakushangaa. Akasema alijua tangu siku ile, kwamba mkono wake unakumbuka kila mfuniko ulioufunga. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nilisema. Nilisema nilifunga. Wewe ulikuwa umesimama pale."

Mkewe akaingia ndani. Nikamwambia nimeshakiri kwa Bwana Harish, anamtaka arudi.

"Ulikiri mbele ya nani?"

"Mbele yake. Tulikuwa wawili ofisini."

Akaweka kuni chini, moja moja. "Mimi nilifukuzwa uani. Watu wote walikuwepo. Mke wangu alisikia sokoni kabla sijafika nyumbani." Akajifuta mikono. "Sirudi kwa habari ya watu wawili ofisini, Felisia."

Siku zote ameniita mama. Leo ameniita jina.

Nimepanda mlima kwa miguu. Sikuwa na hasira naye. Nilitafuta hasira njia nzima nisiipate.

Alhamisi, 16 Machi

Nilimwomba Bwana Harish awaite watu uani. Akasema si lazima. Nikasema ni lazima. Akawaita.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema: mfuniko niliufungua mimi. Nikausahau nyumbani. Nikaona gari linachemsha nikaendelea kwenda. Nikasema uongo, Fundi Melkiori akafukuzwa kwa uongo wangu. Basi.

Injini za mashine zilikuwa zimezimwa, hata unga ulisikika ukidondoka. Kisha dereva mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Si tulisema." Wengine wakacheka. Ndicho kicheko nilichokikimbia tangu Rau hadi darajani. Kiliniingia mwilini chote, na mimi nikabaki nimesimama.

Mwanamke mmoja wa kupepeta, ambaye hata jina lake la pili silijui, alikuja akasimama karibu yangu. Alisimama tu hadi watu walipotawanyika.

Bwana Harish naye akasema mbele ya wote kwamba alikosea, hasa lile neno la uzee. Alisema kwa Kiswahili chake kifupi, lakini alisema.

Jumatatu, 20 Machi

Melkiori amerudi. Aliingia na sanduku lake la spana, akasalimia kila mtu, na mimi pia, sawasawa na wengine. Fundi mpya ameombwa abaki, awe chini yake. Gari liko juu ya mawe, injini imefunguliwa vipandevipande juu ya turubai.

Njia ya huku juu amepewa yule dereva aliyepaza sauti uani. Asubuhi amenipita Rau nikiwa kwa miguu, akapiga honi. Sikujua kama ni salamu au ni kejeli. Nikainua mkono.

Nyumbani nimemweleza mama mkwe. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kula." Nikala.

Jumamosi, 1 Aprili

Mvua imekatika kabla ya saa nne. Mlima umefunguka wote, mweupe hadi chini kuliko kawaida.

Leo hakukuwa na wateja wengi. Melkiori alikuwa anarudishia injini. Yule fundi mwingine hayupo, amefiwa. Nikiwa kwenye mizani nikasikia ananiita. Si kwa jina, si mama. "Njoo ushike hapa."

Lilikuwa bomba la mpira, lile la chini. Nililishika huku yeye akikaza klipu. Alikaza, akajaribu, akalegeza, akakaza tena. Maji yakanidondokea mkononi. Alisema mara moja tu, "Kushoto kidogo," nikapeleka kushoto.

Alipomaliza akasema basi. Nikarudi kwenye mizani.