Robo Isiyokuwamo Tangini

Changamwe,
4 Mei 1947

Dada yangu Mbeyu,

Salamu sana. Mimi mzima, kile kifua kimepoa. Sijui wewe huko Magogoni, na mtoto, na shemeji. Mkiwa wazima nami moyo umetulia.

Dada, lori la shemeji limepata saa ya petroli! Waambie majirani! Ile ya zamani ilikufa, Mramba akawa anachovya kijiti tangini kama mpishi anayeonja mchuzi. Basi nimeng'oa boya kwenye lori bovu la jeshi, nikalitia kwenye tangi lake. Boya linapanda na kushuka na petroli, waya unapeleka habari mbele kwa dereva, mshale unacheza. Mara ya kwanza ulicheza kinyume. Tangi tupu, mshale unasema limejaa! Mramba akacheka mpaka akakaa chini. "Ngowa we, hili lori lashiba kwa njaa!" Nikageuza mkono wa boya juu chini, mshale ukakubali. Hakuna aliyenifundisha, haki ya Mungu!

Kasoro ndogo tu. Boya na saa si wa mama mmoja, kwa hiyo petroli ikiisha kabisa mshale unakwama kwenye robo. Nimemwambia Mramba, robo ni sufuri. Ameelewa. Nikipata boya la saa ileile nitabadilisha.

Mdogo wako,
Ngowa


Magogoni,
29 Mei 1947

Mdogo wangu,

Salamu. Tu hai, uzima ni neno jingine.

Kwenye mazishi ulisimama nyuma, ukaondoka hata uji hukunywa. Hukuuliza ilivyokuwa. Basi nakuandikia.

Homa ilimpanda Mramba hata hajitambui. Phineas, tanboi anayemsaidia kwenye lori, akashika usukani. Mimi nyuma, nimepakata kichwa cha mume wangu. Phineas akatazama saa, akasema, "Mama, robo imo, yatufikisha hospitali." Hatukufika darajani, lori likazima. Tukambeba kwa mkeka. Akanifia njiani.

Phineas hakujua robo ni sufuri. Mimi nilijua, lakini saa iko mbele, nami nilikuwa nyuma.

Sasa sikia. Phineas ameapa mbele ya wazee wa mume wangu kwamba mshale ulionyesha petroli. Nao wanasema, petroli imo na lori limezima, basi pana mkono wa mtu. Wamemtaja Bi Nyevu, shangazi aliyemlea Mramba, kwa vile ni mjane hana mtoto na waligombana juu ya mnazi. Wameamua siku ya hanga, ya kumaliza matanga, Jumapili tarehe 15 Juni, atoke mjini hapa asirudi. Nimewaeleza habari ya mshale. Wakacheka. "Mwanamke na gari wapi na wapi?"

Njoo wewe fundi. Lori liko uani. Fungua tangi waone kwa macho yao.

Dada yako,
Mbeyu


Changamwe,
5 Juni 1947

Dada,

Pole, pole tena.

Nitakuja! Nitalitoa boya, nilishushe kwa mkono mpaka chini, wote waone mshale unavyogoma kwenye robo. Hata mzee asiyepanda gari ataelewa! Najisemea maneno njiani, watu wananigeukia. Lakini dada, nikishamaliza, si watauliza nani alifunga boya hilo? Basi, nitawaambia. Mwambie Bi Nyevu asifunge mzigo.

Mdogo wako,
Ngowa


Changamwe,
13 Juni 1947

Dada,

Salamu. Bwana mkubwa wa gereji amenikatalia ruhusa, kazi ni nyingi. Nimechora boya, saa na waya, kila kitu na jina lake. Wasomee polepole, wataelewa tu.

Mdogo wako,
Ngowa


Magogoni,
17 Juni 1947

Ngowa,

Natumai u mzima.

Niliwasomea. Walisikiliza vizuri, wakapokezana mchoro wako, wengine wakaushika kichwa chini. Mzee mmoja akauliza, "Na huyu fundi mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema yuko kazini.

"Jumapili?"

Nikakunja barua yako.

Bi Nyevu alikuwa ameketi mlangoni na furushi lake. Alipoinuka akanishika mkono, akaniuliza kama mdogo wangu anaumwa, maana aliambiwa utakuja. Nikamwambia ndiyo, anaumwa. Akasema, "Maskini. Mwambie apone." Kisha akashika njia.

Mbeyu