Ngumi ya Afande Wamono

Jumatatu, 5 Agosti
Chai, muhogo, kisha wodini. Kitanda cha sita: Afande Wamono, askari magereza mstaafu, mzaliwa wa Nakaloke, karibu na Mbale. Saratani imeingia kwenye mifupa. Haiponi, na mwenyewe ameshaambiwa. Kazi yangu mimi muuguzi, musawo kama wanavyotuita hapa, ni kumpunguzia maumivu. Nikamweleza kipimo chetu cha mkono: ngumi, hakuna maumivu; vidole vitano, hayavumiliki. Akanyoosha ngumi kwa fahari. Nikafurahi. Mgonjwa rahisi!

Jumanne, 6 Agosti
Ngumi tena. Lakini shuka limelowa jasho na mto una alama za meno. Nimeudhika. Ananidanganya mchana kweupe.
"Mimi iko sawa, musawo. Peleka dawa kwa ile mzee ingine."
Ile mzee ingine alikuwa anakoroma.
Anataka jambo moja tu: Jumamosi awe Nakaloke, mjukuu wake anatahiriwa. Daktari kasema asiyeweza hata kuketi hapandi gari kwenda Mbale.

Jumatano, 7 Agosti
Mke wa Afande, Mama Nambozo, kanivuta hadi kwenye bomba la maji. Kacheka mpaka kashika ukuta. Mimi Msoga wa Bugembe, ningejuaje? Mgisu kama Afande, mbele ya kisu cha tohara, husimama wima, hapepesi jicho. Akitetemeka, aibu ya ukoo mzima. Nami nimemwuliza mzee, wodi nzima ikisikiliza, anaumwa kiasi gani! Angekatwa mguu angeonyesha ngumi.
Nimejiona mjinga kweli.
Nikauliza, na baada ya kisu? Firimbi inapigwa, kijana anakalishwa kwenye kigoda, anafunikwa shuka. Hapo hakuna anayemdai ushujaa tena.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimevuta pazia. Nikasema: Afande, firimbi yako ilishapigwa zamani. Sasa keti.
Kanitazama. Nikaogopa nimemkosea adabu. Kisha vidole vikafunguka, kimoja kimoja. Vinne. Nilitaka kulia.
Kanywa morfini, kakunja uso.
"Hii chungu inashinda posho ya jela!"

Ijumaa, 9 Agosti
Kalala usiku kucha. Kaketi. Kaomba kunyolewa ndevu! Daktari kamruhusu. Nimempa Mama Nambozo chupa ya morfini, kijiko cha kupimia, na mbegu za papai zilizosagwa, maana dawa hii hufunga choo. Afande kasema hizo mbegu atakula akiwa amefumba macho.
Wamepanda gari saa nne. Nina wasiwasi. Hapa kulikuwa na pazia. Kule kuna wajomba, shemeji, kijiji kizima. Ngumi ikirudi, dawa itabaki chupani naye atateseka kimya.

Jumamosi, 10 Agosti
Hakuna simu. Nimemfokea mfagiaji bure. Nimemwomba radhi.

Jumapili, 11 Agosti
Zamu tulivu. Mvua kidogo.
Mama Nambozo katuma picha ya jana. Mjukuu yuko kwenye kigoda, kajifunika shuka lake. Babu kando yake, kiti cha plastiki, kidevu safi, wanaume wamewazunguka. Mkewe kashika kijiko, anasubiri jibu. Mzee kainua mkono mbele ya wote.
Vidole viwili.
Nimeitazama mpaka chai ikapoa.