Uzi wa Kamen

Dada Tsvetana,

Mama mzima, na rakia yangu, pombe ya matunda ya mwaka huu, inafufua maiti.

Tarehe tatu Machi, sikukuu ya ukombozi, kaka yetu Kamen alikuja uwanjani na wazalendo wenzake wakipiga kelele, "Bulgaria kwanza!"

"Mbona bendera ya Mrusi mliyobeba ndiyo iko juu, kaka?" nikamtania.

"Msaliti we!" Akanivunja meno matatu kwa mti wa bendera. Nami, bondia wa kikosi kizima nilipokuwa jeshini, nikampasulia chupa usoni. Jicho lake la kushoto halipo tena, dada.

Uzi wa heri wa Machi, mwekundu na mweupe, ambao mama alimfunga Kamen mkononi, ulinikatikia kiganjani tukikabana. Korongo wamesharudi, na kama desturi watu wamevua nyuzi zao na kuzitundika mitini. Uzi wake ninao mfukoni. Simu yangu hapokei. Mpigie wewe, umuulize kama nimpelekee.

Nduguyo kibogoyo,
Radoy