Maji ya Nyabiyonza

Nyabiyonza, 12 Juni 1991

Mke wangu Zuena,

Mpe mama shikamoo yangu. Ndizi za huku nimezizoea, ila pilau lako silisahau.

Juzi hospitalini nilitengeneza kidhibiti joto cha kitanda cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Nilikijaribu kama tulivyozoea huko Tanga: nikatumbukiza kipimo chake kwenye maji yanayochemka, nikageuza skrubu mpaka kikasoma nyuzi mia. Nikajisifu. Kumbe huku milimani maji huchemka kabla ya kufika mia! Nilikifundisha uongo. Kikasema joto linatosha, na kitanda kinapoa.

Mama mmoja, Mukamusoni, akashika nyayo za mwanawe aliyelazwa humo. "Fundi, mashine yako inasema joto, miguu ya mwanangu inakataa." Akamfunga kifuani kwa kitenge. Alhamdulillahi, mtoto amepona, na kidhibiti nimekirekebisha.

Zuena, umeniandikia kwamba mwanetu "hajambo kidogo". Kidogo kiasi gani? Hapana, usinijibu. Nimeomba ruhusa, nakuja mwenyewe kuzishika nyayo zake.

Wako, hata nikikosea,
Saleh