Dramu Nyekundu Ilivyokanzwa Matambarale

Kaka Athumani,

Nianze na lililotokea, kama nilivyozoea kazini, kwenye habari za redio: dramu yako nyekundu imeungua, na harusi ya Zuhura imefana. Mengine yote ni maelezo.

Baada ya arobaini yako niliingia chumba chako cha nyuma, hapa Nachingwea, nikiwa na daftari. Niliikuta seti nyekundu uliyoachiwa bendi ilipovunjika. Niliikuta ile uliyoitengeneza kwa mapipa ya mafuta, ambayo pedeli yake ni kanyagio la cherehani la mama. Mama alilitafuta mwaka mzima, na wewe ukimsaidia kulitafuta! Na ile fupi ya kufungwa nyuma ya baiskeli ukienda kupiga Ruponda. Na matoazi yaliyopasuka, uliyoyatoboa ukayatia misumari, yanalia kama mvua juu ya bati. Niliandika kila kitu, nikafunga mlango. Uliniambia ukiwa kitandani, "Mwandishi, usimwazimishe mtu," nami nikaahidi.

Kisha akaja mwanao Zuhura.

"Shangazi, baba alisema atanipigia siku ya harusi. Basi nitajipigia mwenyewe, kwa ile nyekundu."

Nikamwambia nimekatazwa kuazimisha.

"Siazimi. Ni ya baba."

Nilitafuta kosa kwenye hoja hiyo, sikuliona.

Tukaipakia kwenye pikapu hadi Matambarale, kwa wakwe zake. Wajomba wa bwana harusi ndio wapiga ngoma za jando kule. Waliipokea kwa heshima, nami nikaingia ndani kumsalimia mama mkwe. Nilipotoka, dramu zako zilikuwa zimepangwa duara kuzunguka moto wa nyasi, nyuso zikielekea kwenye ndimi.

"Dada, tumekusaidia," akasema mjomba mkubwa. "Ngoma baridi haisemi."

Walifanya wanavyofanya kwa kila ngoma. Hakuna aliyewaambia kwamba hizi ngozi zake ni plastiki, na mwenye kuwaambia nilikuwa mimi. Tuliziondoa mbio. Nyingi zilipona. Ile ndogo ya kati, ambayo Zuhura asingeweza kupiga bila hiyo, ngozi yake ilikuwa imejikunja kama ganda la korosho lililochomwa.

Wageni walikwisha kaa. Zuhura aliiangalia. Mimi nilikuwa nakufikiria wewe na ile ahadi.

Nikafungua kisanduku chako cha vipuri, tulichokuja nacho kwenye pikapu. Chini kabisa kulikuwa na pete yenye ngozi ya mbuzi, ile iliyokuwa juu ya dramu hiyo kabla hujapata plastiki. Pembeni umeandika kwa mkono wako: "Ya kwanza. Isitupwe." Kaka, nilikuwa nimepanga kuitupa. Nalisema wazi, lisije likapotea kwenye kumbukumbu.

Tukaifunga. Zuhura akaigonga, ikatoa sauti ya gunia la ufuta. Imelegea. Mjomba mkubwa akaitazama, akanitazama na mimi.

"Sasa je, tukanze kwa moto, au tusubiri kibali cha redioni?"

Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Moto wake ulikuwa bado unawaka. Akaigeuzageuza ile dramu mbele ya ndimi, akiigonga kwa kidole, mpaka sauti ikapanda, ikakaza, ikawa ile tuliyoizoea nyumbani.

Zuhura akavua viatu, akakunja gauni, akaketi. Akapiga mdundo wako, na mkono wa kushoto ukichelewa kidogo kama wako. Miaka yote nilikuambia lile ni kosa. Nasahihisha: halikuwa kosa. Vigelegele vilianza kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza. Jirani yao, mfugaji wa Kisukuma, alirusha fimbo yake juu, akaidaka, akaingia uwanjani. Bwana harusi alisahau kwamba anatazamwa.

Ahadi niliyokupa nimeivunja mbele ya mashahidi, na sijutii. Nyekundu nimeiacha Matambarale, kwa Zuhura na wajomba na moto wao. Zilizobaki nitampa yeyote atakayekuja kuzipiga, mlango uko wazi. Chumbani nimetundika ile plastiki iliyojikunja, na leo nimeiandika pembeni, kwa mwandiko wangu mbaya unaoujua: Isitupwe.

Lala salama, kaka. Hazitakaa kimya, hiyo ndiyo ahadi ninayoiweza.

Dada yako,
Mwandishi