Leticia kaniibia mpaka bibi

Rosine, Leticia kaniibia mbele ya watu! Siamini!

Si ile nafasi ya kuwatafsiria wageni wa Hispania pale parokiani? Leo kwenye usaili tumeulizwa, “know” ya Kiingereza inasemwaje Kihispania? Katangulia yeye. Eti kujua jambo ni saber, kumjua mtu ni conocer. Maneno yangu yale, nimemfundisha mwenyewe jikoni kwetu Majengo!

Subiri. Wakataka mfano. Akasema, “Najua bibi yangu alikaa Ilembo, hiyo ni saber. Ila nilivyomjua bibi mwenyewe, hiyo ni conocer.”

Bibi yangu, Rosine! BIBI YANGU!

Wakampigia makofi. Zamu yangu ikafika, mfano wangu keshautumia yeye.

Bibi alipofariki, Leticia hata msibani hakukanyaga. Leo eti anamjua.