Hadithi ya mzinga niliyomnyima Filimoni

Kibondo, masika 1997

Dada yangu Skolastika,

Kwanza nijue hali yako. Mgongo unakuruhusu kupalilia? Wapwa zangu wanakula, wanacheka? Mimi mwili mzima, mengine utayasoma.

Barua yako niliipata kwa mkono wa utingo wa lori. Umeandika, "Meshaki, niambie mdogo wetu alikufaje, na safari hii usitie chumvi." Imeniuma, ila una haki. Ni mimi niliyekwambia nilimfukuza simba kwa pampu ya baiskeli. (Na alikuwa simba, dada. Mdogo, lakini simba.) Hapa Kibondo hakuna mlango wa maana ambao haukupita mikononi mwangu, hata mabwana wa ofisini wananiamkia. Lakini ya Filimoni nakuandikia kavu, sikuongeza hata msumari.

Aliumwa homa siku sita. Siku ya tano ikampanda kichwani, tukamlaza hospitali. Ya sita asubuhi akapata nafuu, akanywa uji, akanicheka eti nimekauka kama benchi la kanisani. Saa saba mchana akanishika mkono.

"Kaka, nisimulie ile ya mama, ya mzinga."

Unaijua. Mrina asali anaanguka mtini, anakufa, nyuki wanaichukua sauti yake. Mama yake anakwenda porini, anaweka sikio kwenye mzinga, anaisikia. Filimoni alipapenda hapo pa sikio.

Nikamwambia, "Mchana huu? Si unajua mama alikataza? Hadithi ikisimuliwa jua linawaka inaita msiba. Ngoja jua lizame."

"Wewe unadanganya watu tangu asubuhi, leo umekuwa mchungaji?"

"Uongo wangu ni wa mchana. Hadithi za mama ni za jioni."

Akatabasamu, akageukia ukutani. Saa kumi alikuwa amekwenda. Jua bado liko juu, dada. Nililitazama nikalichukia.

Barabara ya Kasulu ilikuwa imekatwa na mvua, ndiyo maana tukamzika huku bila wewe. Jeneza nimelitengeneza mwenyewe, mninga mtupu.

Siku ya pili ya matanga nilikaa mkekani na jirani yangu, Mama Esperansi, mwanamke wa Burundi aliyetoka kwao na watoto watatu akafika na mmoja. Nikamweleza nilichomnyima ndugu yangu. Hakunipa pole. Akasema, "Sisi njiani tulisimulia mchana. Nani alijua kama jioni itamkuta?"

Nikainuka palepale, jua la utosi, nikaenda kaburini nikaanza kuita mwanzo wa hadithi, kama mama yetu alivyoita. Waombolezaji wakatazamana. Mmoja akasema, "Jamani, fundi amechanganyikiwa." Hakuna aliyeitikia, isipokuwa Mama Esperansi, aliyenifuata nyuma. "Ego!" akasema, ndiyo ya kwao na ya kwetu. Kila nikipumzika, "Ego!", na machozi yanamtiririka, mpaka tukafika pa sikio.

Hapo ndipo nikaelewa. Miaka yote nilidhani hadithi ile inasema mrina asali alirudi. Hakurudi, dada. Yule mama alitoka porini peke yake, mikono mitupu. Alichopata ni mahali pa kwenda kusikiliza tu. Mama yetu alizika watoto wawili kabla sijazaliwa, wewe mkubwa unakumbuka. Mimi nabuni simba ili watu wanitazame. Yeye alibuni mzinga apate pa kuwaweka watoto wake. Na ndugu yangu alipotaka kujua atawekwa wapi, nikamwambia asubiri.

Msalimie shemeji na cherehani yake. Shangazi aliyemlea Filimoni baada ya mama kufa umsomee barua yote, usimrukishe neno kwa kumwonea huruma. Wapwa zangu uwasimulie ile hadithi leo hii, hata kama ni asubuhi.

Halafu uniandikie. Sitaki pole. Niambie kitu kimoja, maana wewe hujawahi kunidanganya: ungekuwa wewe pale kando ya kitanda chake, ungemsimulia?

Mdogo wako anayekungoja,
Meshaki